Kamba Inayopita Chini

Ubao wa kwanza nilioharibu ninao hadi leo, umesimama juu ya kabati la jikoni. Una upana wa sentimita 15 na urefu wa 20, na ndani yake kuna fundo la Kikelti: kamba moja inayojisuka yenyewe, haina mwanzo wala mwisho, yenye makutano 17, yaani mahali inapojipita juu na chini. Makutano 11 nimeyachonga. Sita yamebaki mistari ya penseli, kwa sababu pale kwenye la kumi na moja kamba iliyotoka kupita juu inapita juu tena. Mgeni akija haoni kitu. Mimi kila nikiinjika chai jicho linakwenda palepale.

Naishi Drogheda, Ireland, mji wa bandari ndogo kaskazini ya Dublin, kwenye mto Boyne. Nilikuja huku kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na miaka mitatu ya mwanzo maisha yangu yalikuwa kazi, basi, chumba, na simu ya nyumbani Makunduchi, Zanzibar. Siku moja ya mapumziko mwenzangu wa kazini alinichukua kwa gari hadi Monasterboice, kama kilomita nane kutoka mjini. Ni makaburi ya zamani yenye magofu ya makanisa mawili, mnara mrefu wa duara, na misalaba ya mawe. Mmoja unaitwa Msalaba wa Muiredach. Kimo chake ni karibu mita 5.5, ni jiwe la mchanga, na ulichongwa mwanzoni mwa karne ya 10. Chini kabisa wamechongwa paka wawili, na maandishi ya lugha ya zamani ya huku yanayomwombea dua huyo Muiredach aliyeufanyisha.

Watu husimama mbele yake kusoma visa vya Biblia vilivyojaa uso mzima. Mimi ni Mwislamu, vingine navijua kwa majina mengine na vingine sivijui, kwa hiyo nilizunguka ubavuni. Kule kulikuwa na kitu nisichohitaji kutafsiriwa. Kamba za mawe zimesukwa, hii inapita juu ya ile, inazama, inaibuka, inajikunja ukingoni na kurudi. Nilizifuata kwa kidole hewani bila kuligusa jiwe. Jiwe halikunjiki, na mtu aliyekufa miaka zaidi ya elfu moja iliyopita amelifanya likunjike. Nilirudi chumbani nikiwa na swali moja tu: mkono wake ulianza wapi?

Jibu nililipata kwenye ukumbi wa mtaa, ambako seremala mmoja mstaafu hufundisha uchongaji Jumanne jioni. Aliniambia nimwite kwa jina lake, kama wafanyavyo wote huku. Ulimi ulikataa. Mtu wa umri wa babu yangu simwiti jina kavu. Nikamweleza kwamba kwetu mwenye ujuzi kama wake huitwa Fundi. Alilitamka mara mbili tatu, akasema basi na aitwe hilo. Mpaka leo ni Fundi, na wanafunzi wengine wawili nao wamelishika.

Nilikwenda na kipande cha mwaloni nilichokiokoa kwenye kabati lililotupwa. Fundi alikipapasa, akakinusa, akakiweka juu ya rafu. “Hiki kitakusubiri,” alisema. Akanipa mbao ya tilia. Waingereza wanauita mti huu kwa jina lilelile wanalouitia ndimu, na mwanzo nilichanganyikiwa, lakini hauna undugu wowote na ndimu. Ni mti mkubwa wa mitaani na bustanini, mbao yake nyeupe, laini, nyuzi zake zimetulia. Wachongaji wa Ulaya wameutumia kwa karne nyingi kwa sababu haumpingi mtu. Mwaloni ni mgumu na nyuzi zake ni nene. Anayeanza nao anajifunza kupigana na mti kabla hajajifunza kuchonga.

Vifaa vyangu vilikuwa vitano: patasi ya V, kisu kifupi, na bobari tatu. Bobari ni ile patasi yenye kinywa cha mviringo. Zina namba: ya 3 karibu iwe bapa, ya 9 imekunjika kama nusu duara, na kila mviringo wa kamba una bobari inayoulingana. Nilitaka kuanza kuchonga siku hiyohiyo. Badala yake nilikaa Jumanne nne nikinoa. Kinoo, mafuta, ukanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kung’arishia, halafu kinoo tena. Kipimo cha Fundi kilikuwa kimoja: kata tilia kwa kukingama nyuzi. Mkato uking’aa kama umepigwa nta, makali yamefika. Ukiona mstari mweupe mwembamba ndani ya mkato, pana pengo kwenye makali, hata kama jicho halilioni. Nilichukia zile Jumanne nne. Sasa naziona kuwa ndizo zilizonifaa kuliko zote, maana baadaye kila nilipodhani mkono wangu umeshindwa, mara saba katika kumi ilikuwa makali.

Ndipo nikachora ule ubao wa makutano 17 na kuuharibu.

Usiku ule nilimpigia mama simu ya video. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwonyesha ubao. Akauliza, “Mwanangu, huko nako kuna ukindu?” Nikamwambia, “Huu mti, mama. Nimechonga.” Akanyamaza akiutazama, uso umejaa kwenye kioo cha simu. Kisha akasema, “Basi umesuka ukili ukakosea. Tazama mstari. Huu wote unalala kulia. Unaofuata wote unalala kushoto. Hapa uchane mmoja umelala kinyume cha wenziwe.”

Aliliona kwa muda wa kufumba jicho. Mimi na Fundi tulihitaji nusu saa.

Nimekulia katika nyumba ya mikeka. Bibi alisuka, mama anasuka, na mimi nilisuka kidogo na vibaya kabla ya kwenda bweni. Ukili ni ule utepe mrefu unaosukwa kwa chane za ukindu, kisha tepe hizo zikashonwa pamoja zikawa mkeka. Chane huenda mshazari. Ukifika ukingoni unaukunja uchane na kuurudisha ndani kwa mshazari wa upande wa pili. Unapita juu, unapita chini. Ndivyo hasa zinavyokwenda kamba za ule msalaba, na nilikuwa nimesimama mbele yake nikishangaa kitu ambacho mikono yangu ilikijua nikiwa na miaka saba.

Kosa langu lilitokana na kuweka alama za juu na chini kwa kila makutano peke yake, kwa kukisia. Fundi alinifundisha kuifuata kamba kwa ncha ya penseli na kusema kwa sauti: juu, chini, juu, chini, mpaka nirudi nilipoanzia. Mama amenifundisha kusoma mstari kwa mstari. Natumia zote mbili, ya Fundi kuwekea alama na ya mama kukagulia, na tangu hapo sijakosea tena makutano hata moja. Fundi alipoambiwa habari za ukili alitaka auone kwa macho yake. Mama akatuma kipande cha dhiraa moja kwa mtu aliyekuwa anasafiri, na sasa kimetundikwa ukutani pale ukumbini, juu ya meza ya vinoo.

Baadaye nilijua kwamba wataalamu walishalifikia jambo hili kwa njia yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtafiti J. Romilly Allen alieleza kwamba mafundo haya yote, hata yanayotisha kwa wingi wa mizunguko, yanatokana na msuko mmoja wa kawaida. Unaanza na msuko mtupu, kama ukili. Halafu unachagua makutano fulani, unazikata kamba mbili zinapokutana, na kuziunga ncha zao upya ili zisipishane tena bali zigeuke kama zimekutana na ukuta. Pale uliposimamisha ukuta panafunguka kitundu kama jicho. Ukizipanga kuta hizo kwa mpango, mafundo yanajitokeza. Kisha George Bain, mwalimu wa sanaa wa Uskoti aliyeishi kati ya 1881 na 1968, akaisambaza njia ya kuyachora kwa vitone na mistari hata mtoto wa shule akaiweza. Na jambo la kupendeza: ukikata makutano yoyote na kuunga ncha hivyo, utaratibu wa juu-chini hauvunjiki popote. Nimeujaribu kwenye karatasi mara nyingi, kwa furaha tu ya kuona ukitimia.

Kuna jingine lililonifurahisha zaidi, nalo nililikuta tayari kwenye hesabu za shule ya msingi. Ukichora msuko mtupu ndani ya mstatili wa miraba 3 kwa 4, unapata kamba moja tu inayozunguka kote. Ukichora 4 kwa 6, kamba ni mbili. Ukichora 3 kwa 6, ni tatu. Idadi ya kamba ni Kigawo Kikubwa cha Shirika cha namba zile mbili, ile KKS tuliyoikariri tukidhani kazi yake ni mtihani. Wachokwe wa Angola na kusini mwa Kongo huchora mchangani michoro ya mstari mmoja unaozunguka vitone, wanaiita sona, na baadhi ya michoro hiyo inafuata kanuni hiyohiyo. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefundisha miaka mingi Msumbiji, aliandika sana juu yake. Kwa mchongaji faida yake ni ya papo kwa papo. Nikitaka kamba moja isiyokatika, nachagua namba zisizogawika kwa pamoja kabla sijagusa mbao. Nikishaanza kuweka kuta, idadi hubadilika, kwa hiyo baada ya kila ukuta narudi kuifuata kamba kwa kidole.

Lakini kuchora si kuchonga. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pengine popote.

Ubao wa pili niliuchora sawasawa. Nikapitisha patasi ya V nje kidogo ya kila mstari, nikaushusha uwanja, yaani ile sehemu tupu kati ya kamba, kwa milimita tano. Nikaja kwenye makutano. Kwa kuwa nilitaka kamba ionekane imepita juu ya mwenziwe, nilihangaika na ile ya juu. Niliiviringisha, nikailainisha, nikaipa umbo la mgongo wa samaki. Ya chini niliikata tu kando yake, kashimo kadogo huku na kashimo kadogo kule. Nilipousimamisha ubao kwenye mwanga sikuona kamba. Niliona vipande vifupi vilivyopangwa mmoja baada ya mwingine, kama muhogo uliokatwakatwa.

Fundi aliutazama, akachukua kipande kingine cha tilia, akachora makutano mamoja. “Ya juu iache,” alisema. “Hiyo imeshamaliza kazi yake kwa kuwa mbao. Shughulika na inayopita chini.” Akaanza kuiteremsha kamba ya chini kutoka mbali, tangu nusu ya njia kati ya makutano haya na yaliyotangulia. Mteremko mrefu, mwembamba, usioonekana unapoanza. Ilipofika ubavuni mwa kamba ya juu ilikuwa imezama milimita mbili na nusu tu. Upande wa pili akaipandisha vivyo hivyo, taratibu, mpaka kwenye zamu yake ya kuwa juu. Kamba ya juu hakuigusa hata mara moja. Alipoinua mkono ilikuwa imesimama juu ya mwenziwe, imekaza, nikadhani nikiingiza ukucha chini yake nitaiinua.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka. Ubao wote ulikuwa na kimo kimoja. Hakuna kamba iliyoongezwa kitu. Ile inayosifiwa na jicho, iliyo juu, mchongaji amekaribia kuiacha kama ilivyokuwa, na kazi yote, jasho lote, limekwenda kwa ile inayojificha. Tena si pale inapojifichia. Ni njiani, kabla haijafika. Anayeanza anachimba mwishoni, kwa ghafla, kwa sababu ndipo panapoonekana kuna tatizo. Mteremko unapaswa kuanza mahali ambapo hapana tatizo bado. Nilipolielewa hilo nilirudi kwenye ubao wa pili nikaanza kuteremsha kamba zote upya, makutano kwa makutano, na kila moja lilipokaa sawa nilihisi ubao unavuta pumzi.

Kipimo changu siku hizi ni kidole, nimefumba macho. Nikipapasa kamba kutoka makutano hadi makutano nataka nihisi wimbi, lisilo na ngazi. Jicho hudanganywa na mistari ya penseli. Kidole hakisomi penseli. Na taa iwe moja tu, iwekwe ubavuni karibu na meza, kila bonde litupe kivuli chake. Chini ya taa za dari kazi mbovu na kazi nzuri zinafanana.

Suala la nyuzi za mbao ni pana, na nitalisema kwa namna mama angelielewa. Ukichana ukindu, uchane hufuata mshipa wa jani. Ukilazimisha kisu kwenda kinyume, jani linapasuka ulikokuwa hutaki. Mbao nayo ina mshipa. Sasa, kamba za msuko huu zote zimelala mshazari, kwa hiyo kila kamba ina ubavu mmoja unaokatika vizuri ukienda mbele na ubavu wa pili unaokatika vizuri ukirudi nyuma. Kamba ikipinda, mambo yanageuka katikati ya mpindo. Mwanzo nilikuwa nikiuzungusha ubao kama sahani. Kisha nilijifunza kubadili mkono: kulia kwa ubavu huu, kushoto kwa ule. Ilinichukua miezi kuufundisha mkono wa kushoto, na ndiyo miezi iliyonirahisishia kazi kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Makutano yana hatari yake ya peke yake. Pale kuna pembe ndogo za mbao ambazo nyuzi zake ni fupi, hazijashikiliwa na kitu. Ukipiga bobari kwa nyundo ya mti, wima, karibu na ukingo, ile pembe inaruka. Nimepoteza pembe nyingi. Ndogo nimezitafuta sakafuni kwa magoti nikazigandisha kwa gundi, nyingine sikuziona tena. Dawa yake ni kusukuma badala ya kupiga, kukata kidogo kidogo kwa awamu tatu au nne, na kuegemeza makali upande wa kamba inayobaki. Msasa nao usiukaribie ubao kabla patasi hazijamaliza. Punje zake hujificha ndani ya mbao na kuyala makali, na pia hulainisha zile kingo ambazo ndizo zinazofanya kamba isomeke.

Kidole gumba changu cha kushoto kina kovu la nyuzi tatu. Nilikishikilia kipande kwa mkono badala ya kukibana kwenye jiliwa kwa sababu kilikuwa kidogo na nilikuwa na haraka. Kazini kwangu mwenye kidonda mkononi haruhusiwi kuwaosha wazee, nikakaa siku tisa bila kazi. Mikono yote miwili ikae nyuma ya makali, siku zote, hata kwa mkato mmoja.

Mwaka wa pili nilipanda treni kwenda Dublin kukiona Kitabu cha Kells, pale Trinity College. Ni Injili nne zilizoandikwa na watawa kwenye ngozi za ndama karibu na mwaka 800, na majani 340 yake yamesalia. Huonyeshwa kurasa chache tu kwa wakati. Nilisimama mpaka nikaombwa kwa adabu kuwapisha wengine. Kuna mafundo mle ndani madogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na ukiyafuata yanakwenda juu, chini, juu, chini, kwa unyoofu uleule wa msalaba wa Monasterboice. Kwa unyoya wa ndege. Kwa mwanga wa dirisha, katika nchi ambayo mwezi wa Desemba giza linaingia saa kumi na nusu jioni.

Nilisoma pia kwamba msuko huu si wa Wakelti wa kale kabisa kama nilivyodhani. Sanaa yao ya kabla ya Ukristo ilipenda mizunguko na mikunjo kama ya mimea inayotambaa. Kamba za kusukwa zilikuwapo kwenye sakafu za vijiwe za Warumi na katika kazi za Wakopti wa Misri, na katika karne ya 7 zikaingia kwenye vitabu vya watawa wa Ireland na Uingereza, zikakua huko kuliko zilivyokua popote. Madukani vitu vyote huwekwa rafu moja. Hata mizunguko ya Newgrange, kaburi kubwa la mawe lililojengwa karibu na mwaka 3200 KK hapa jirani yetu kwenye bonde la Boyne, inauzwa kwa jina la Kikelti, ingawa ni ya watu wa zama nyingi kabla.

Na kila fundo dukani lina karatasi ya maana: hili la mapenzi, hili la uzima wa milele, hili la ujasiri. Waliochora na kuchonga hawakuacha maandishi ya kueleza fundo moja moja. Jambo hili nalijua tangu nyumbani. Ukipita Mji Mkongwe na wageni utamsikia mtembeza watalii akieleza mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu ya mlango kwamba ni ulinzi wa nyumba, na kwenye mlango wa tatu mwingine anatoa maana nyingine kwa uhakika uleule. Sisemi mafundo hayana maana. Nasema mtu aliyekaa na kitu hicho wiki nane, akizama na kuibuka nacho, anaheshimu zaidi kimya cha aliyekichonga. Inaniuma kuona fundo lililochongwa na mashine ya kompyuta, makutano yote yana ngazi ileile, halafu likapewa karatasi ya umilele. Hakuna aliyeteremka pale.

Nimerudi Monasterboice mara nyingi tangu siku ya kwanza. Nakwenda jua linapokuwa limeinama, mwanga unapolala kwenye jiwe kwa ubavu, kama taa yangu ya mezani. Sasa naona alikoanza kuteremka. Kwenye baadhi ya kamba mteremko bado unasomeka, mrefu na mpole, baada ya mvua ya miaka elfu. Kutoka jiwe hadi mbao vifaa vimebadilika, lakini yule mtu na Fundi wangeelewana bila lugha.

Mwaka huu Fundi aliushusha ule mwaloni kutoka rafuni. Hakusema kitu, aliuweka tu mbele yangu. Natengeneza marufaa ya mama, ya kuwekea msahafu, na Fundi amenisaidia kuikata ile bawaba inayotokana na ubao uleule. Kwenye kila bawa kuna msuko wa miraba 3 kwa 8: makutano 37, kamba moja. Nitaipaka mafuta ya kitani, na nitayaanika matambara yake wazi uani, kwa sababu yakikunjwa pamoja hupata joto hata kujiwasha yenyewe.

Bawa la kwanza nilimaliza kulichonga wiki iliyopita. Nikampigia mama, nikaiegemeza simu kwenye birika, nikaunyanyua ubao chini ya taa. Alianza juu kulia, akashuka mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akasema, “Mashaallah. Juu-chini zako zote sawa.” Kisha akasogeza uso. “Lakini hapo pembeni chini, chane zako umezibana.”

Nikachukua rula. Kamba ina upana wa milimita 11 kote. Kwenye pembe ile ina 9.

“Usiifumue,” akasema, kama kwamba mwaloni unafumuka. “Hata bibi yako pembe zilikuwa zikimbana. Alikuwa anaanza kuzilegeza kabla hajafika.”

Bawa la pili bado halijaguswa na patasi. Jana usiku nimefuta pembe zake nne na kuzichora upya, na kulegeza nimeanzia miraba miwili nyuma.